Tucson, mji wa jangwani: nani mwenye inchi?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano alituonyesha picha aliyotumiwa na kaka yake. Kaka huyo alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi inje ya Kongo, halafu akapelekwa kukaa Marekani, katika mji unaoitwa Tucson. Katika picha tuliona daraja kubwa, na chini ya daraja mchanga mtupu. Kaka aliandika: «Huu ndio mto wa mji wetu.» Tulicheka sana. Mmoja akasema: «Hata mto hawana! Sasa watu wamekwenda kutafuta nini kule?»

Kumbe swali lile lilikuwa jema. Tulitafuta habari za mji huo, na tumekuta kwamba watu wamekuwa wakiishi pale tangu zaidi ya miaka 4.000, na waliovutwa kwanza walivutwa na mto ule ule. Tena tumekuta jambo lingine linalotugusa. Karibu kila kabila lililofika Tucson liliitwa geni na waliotangulia, na kiisha likawaita wengine wageni. Maneno hayo tunayasikiaka hapa kwetu pia, katika nyumba ya kulala na kwenye bomba la maji: «Wewe ni wa kuja, mimi ni mwenye inchi.» Kwa sababu hiyo tumeona vema kuwaeleza habari hizi taratibu, tangu mwanzo.

1. Mahali penyewe na jina lake

Tucson iko katika jimbo la Arizona, kusini-magharibi mwa Marekani, karibu kilomita 100 kutoka mpaka wa Meksiko. Inchi ile ni jangwa, linaloitwa jangwa la Sonora. Mvua ya mwaka mzima ni karibu milimita 300 tu. Kwetu mvua kama hiyo inaweza kunyesha katika miezi miwili. Mti unaojulikana zaidi pale ni saguaro. Hauna majani, una miiba, unapanda hata mita 12, na maji yake unayaweka ndani ya shina kwa siku za kiu.

Lakini pale mji ulipo pana jambo la pekee. Mto Santa Cruz unapita karibu na kilima cha mawe meusi. Chini ya udongo, mwamba wa kilima hicho uliyazuia maji yanayotembea ndani ya mchanga na kuyapandisha juu. Basi, hata wakati mto ulipokuwa mkavu mahali pengine, pale palikuwa na maji. Mwenye kulima angeenda wapi kwingine?

Jina la mji si la Kiingereza wala la Kihispania. Watu wa kabila la O'odham walikuwa na kijiji chini ya kilima kile, wakakiita Chuk Shon, maana yake ni «chini ya mlima mweusi». Wahispania waliandika jina lile jinsi walivyolisikia, likawa Tucson. Waamerika nao wakalisoma kwa namna yao, ile «c» ikapotea kinywani, na leo wanasema kama «Tuson». Jina moja limepita katika vinywa vya mataifa matatu, na kila taifa limeligeuza kidogo.

2. Waliolima kwanza

Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta kando ya mto mabaki ya mahindi ya miaka zaidi ya 4.000, na mifereji ya kunyweshea mashamba ya miaka zaidi ya 3.000. Mahindi yenyewe yalikuwa mgeni pale: yalitoka kusini, katika inchi tunayoiita leo Meksiko. Sisi tunaokula bukari kila siku tukumbuke kwamba mahindi yetu nayo yalitoka ng'ambo, katika bara lile la Amerika. Chakula hakiulizwi kabila.

Kati ya mwaka 450 na 1450 hivi, walikaa watu ambao wataalamu wanawaita Hohokam, mafundi wa mifereji na wa vyungu. Watu wa O'odham wanasema hao ndio babu zao. Waliokaa jangwani wanaitwa Tohono O'odham, yaani watu wa jangwa. Wanapanda maharage madogo yanayovumilia ukame, yanaitwa tepary, na katika mwezi wa sita wanavuna matunda ya saguaro kwa miti mirefu. Wahispania waliwabandika jina Papago, na serikali ya Marekani ikalichukua hilo. Katika mwaka 1986 kabila lilirudisha rasmi jina lake lenyewe. Sisi Wakongo tunajua vile jina la kubandikwa linavyokaa mwilini.

3. Padiri, ngano na ukuta

Katika mwaka 1692 alifika padiri Mjesuiti, Eusebio Francisco Kino. Wengi wanamwita Mhispania, lakini alizaliwa karibu na Trento, katika inchi tunayoiita leo Italia. Alianzisha misioni ya San Xavier del Bac, kusini kidogo ya kijiji cha Chuk Shon. Kanisa kubwa jeupe linaloonekana pale leo lilijengwa baadaye, kati ya 1783 na 1797, na mapadiri Wafransisko pamoja na mikono ya watu wa O'odham.

Kino alileta ng'ombe, farasi na ngano. Ngano ilikuwa na maana kubwa. Mahindi hayawezi kukua wakati wa baridi, lakini ngano inaweza. Hivi shamba lililolala miezi mingi likaanza kutoa chakula wakati ule pia. Mpaka leo watu wa Tucson wanakula mikate myepesi ya ngano, mipana kama sahani. Lakini pamoja na ngano walikuja pia magonjwa ya ng'ambo na kazi za kulazimishwa, na watu wa O'odham walikufa wengi. Tusieleze upande mmoja tu.

Tarehe 20 mwezi wa nane mwaka 1775, mkubwa mmoja wa askari wa mfalme wa Hispania alichagua mahali pa kujenga boma ng'ambo ya mto. Jina lake Hugo O'Conor. Huyu alikuwa mtu wa Irlandi, mzaliwa wa Dublin, mwenye nywele nyekundu! Boma lilijengwa kwa matofali mabichi, juu ya vita na Waapache, waliokaa milimani na kupiga vijiji. Mwaka 1782 Waapache walishambulia boma lenyewe. Lakini katika 1793 Waapache wengine walifanya amani wakaja kukaa karibu na ukuta, wakapewa chakula. Kwa hiyo, mbele hata Mwamerika mmoja hajafika kukaa, walikuwa pale watu wa O'odham, Wahispania, machotara, na Waapache wa amani, wote wakichota maji katika mto mmoja.

4. Mpaka uliowapita watu

Katika 1821 Meksiko ilipata uhuru, na Tucson ikawa mji wa Meksiko. Miaka 32 baadaye, Marekani ilitaka udongo wa kupitishia reli upande wa kusini. Mjumbe wao, James Gadsden, alipatana na Meksiko mwisho wa mwaka 1853, na katika 1854 mapatano yakathibitishwa. Marekani ililipa dolari milioni 10 kwa udongo wa karibu kilomita za mraba 77.000. Askari wa Meksiko waliondoka Tucson katika 1856.

Fikirini vizuri jambo hili. Watu wa Tucson hawakuvuka mpaka wo wote. Walilala Wameksiko, wakaamka wakiwa ndani ya Marekani. Mpaka ndio uliowavuka wao. Na watu wa O'odham, wenye kulima pale tangu zamani, hakuna aliyewauliza neno. Mpaka ulikata inchi yao katikati, na mpaka leo ndugu wengine wako upande huu, wengine upande ule. Sisi tunaoishi katika Afrika hatuhitaji kuelezwa sana. Kila mmoja anajua kabila moja lenye wajomba ng'ambo ya mpaka.

Miaka ya kwanza mambo hayakugeuka sana. Waamerika waliofika walikuwa wachache. Walijifunza Kihispania, wakaoa binti za wenyeji, wakafanya biashara pamoja nao. Mtu anayeonyesha vizuri wakati ule ni Estevan Ochoa, mzaliwa wa Chihuahua katika Meksiko. Alikuwa na kampuni kubwa ya magari ya kukokotwa na nyumbu, pamoja na mwenzake Mwamerika. Katika 1862, wakati wa vita vya Waamerika wenyewe kwa wenyewe, askari wa upande uliotetea utumwa waliingia Tucson wakamwambia Ochoa aape kuwa wao. Alikataa. Akaacha mali yake, akapanda farasi, akapita peke yake katika inchi ya vita. Askari wale walipofukuzwa alirudi, akajenga kazi yake upya. Alitetea sheria ya masomo ya serikali kwa watoto wote, akatoa kiwanja chake kijengwe nyumba ya masomo. Katika 1875 alichaguliwa kuwa meya.

5. Asubuhi ya mwaka 1871

Hapa tungependa kuruka, lakini habari isiyo na mahali pabaya si habari ya kweli.

Kikundi cha Waapache kilikuwa kimechoka na vita. Kilikuja kukaa karibu na kambi ya askari iitwayo Camp Grant, kaskazini-mashariki mwa Tucson, chini ya ulinzi wa Luteni Royal Whitman. Lakini mashambulio mahali pengine yaliendelea, na watu wa mji wakasema: ni hao hao. Tarehe 30 mwezi wa nne 1871, mbele ya jua kutoka, watu karibu 150 waliowafuata kutoka Tucson na San Xavier waliwaangukia wakiwa wamelala. Waliua watu zaidi ya 100. Karibu wote walikuwa wanawake na watoto. Watoto wengine walichukuliwa kama mateka.

Na nani waliofanya vile? Waamerika walikuwa wachache, Wameksiko walikuwa karibu 50, na waliobaki, wengi kuliko wote, walikuwa watu wa O'odham. Mataifa matatu, lugha tatu, yaliyokuwa na ugomvi kati yao juu ya udongo na maji, siku ile yalisikilizana sawasawa. Baadaye watu karibu mia walishtakiwa mbele ya tribinali ya Tucson. Wazee wa baraza la hukumu walifikiri kwa dakika 19 tu, wakasema: hawana kosa.

Wapendwa, sisi tunaimba sana juu ya umoja. Lakini umoja peke yake si wema. Watu wanaweza kuungana vizuri sana ili kumfanyia ubaya mtu wa nne. Tunapoona makabila mawili ya nyumba ya kulala yamepatana ghafula, tuulize kwanza wamepatana juu ya nini.

6. Reli, na bustani za Wachina

Tarehe 20 mwezi wa tatu 1880 gari la moshi la kwanza liliingia Tucson. Palikuwa na sikukuu kubwa, na Ochoa mwenyewe alimkabidhi mkubwa wa reli msumari wa feza. Maskini! Reli ile ile ndiyo iliyoua kazi ya nyumbu zake. Mizigo ikapanda gari la moshi, kampuni ikaanguka, naye akafa katika 1888 akiwa maskini. Pamoja na reli walifika Waamerika wengi na wake zao. Sasa hawakuhitaji tena kujua Kihispania. Wenyeji wa jana wakaanza kusukumwa upande wa kusini wa mji. Baada ya Ochoa, Tucson haikuwa tena na meya mwenye asili ya Meksiko mpaka Regina Romero alipochaguliwa katika 2019. Hesabuni miaka wenyewe.

Waliojenga reli ile, wengi wao walikuwa Wachina kutoka jimbo la Guangdong. Kazi ilipokwisha, wengine walibaki. Walikodi mashamba kando ya mto, wakalima mboga, wakazunguka na gari la kukokotwa wakiuza mlango kwa mlango. Katika mji wa jangwani mboga mbichi ni kitu kikubwa. Lakini mboga zinahitaji maji mara nyingi kuliko ngano, na katika 1885 ugomvi wa maji ulifika tribinalini: wa juu ya mto na wa chini ya mto, nani anywe kwanza? Wakati ule serikali ya Marekani ilikuwa imekwisha kuweka sheria ya 1882 ya kuwazuia wafanyakazi Wachina wasiingie tena. Sheria hiyo iliondolewa katika 1943 tu.

Kiisha Wachina waliacha mashamba wakafungua maduka madogo katika mitaa ya Wameksiko. Jambo hilo tumelipenda sana. Mwenye duka alijifunza Kihispania mbele ya Kiingereza, na wengine walijua hata lugha ya O'odham, kwa sababu ndiyo lugha ya wanunuzi wao. Alitoa deni mpaka siku ya mshahara, akaliandika katika daftari. Na mtoto aliyetumwa kununua alipewa pipi kidogo juu, inayoitwa pilón. Si ni matabishi yetu kabisa? Wazee wengi wa Tucson wanakumbuka ile pipi mpaka leo.

7. Waliokimbia na waliotengwa

Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20, serikali ya Meksiko ilipigana na watu wa kabila la Yaqui ili kuchukua udongo wao mzuri wa mtoni. Wengi walikamatwa wakauzwa kazi katika mashamba ya mbali, huko Yucatán. Wengine walikimbilia Arizona. Katika 1921 walianza kijiji chao Pascua, katika Tucson. Miaka mingi walificha ukabila wao, kwa hofu ya kurudishwa. Serikali ya Marekani iliwakubali kuwa kabila lenye haki zake katika 1978. Sikukuu yao ya Pasaka, yenye ngoma, maua na sala za kikristo pamoja na desturi za mababu, inaendelea kila mwaka.

Waamerika weusi walifika kama askari, wafanyakazi wa reli na wapishi. Sheria ya Arizona ya 1909 iliruhusu kuwatenga watoto wao masomoni. Tucson iliwajengea nyumba yao ya pekee, Dunbar, yenye jina la mtunga mashairi mweusi Paul Laurence Dunbar. Mkuu wake, Morgan Maxwell, alikuwa mmoja wa waliopigania kuondoa utengano, na katika 1951 Tucson iliuondoa, miaka mitatu mbele ya hukumu kubwa ya Marekani nzima. Nyumba ile haikubomolewa. Leo ni mahali pa mikutano na kumbukumbu za watu weusi.

8. Lugha kalasini

Tangu 1919, mtoto wa Tucson aliyezungumza Kihispania nyumbani hakuingia mwaka wa kwanza kama wengine. Aliwekwa kwanza katika kalasi iliyoitwa 1C, ajifunze Kiingereza. Wengine walipoteza hapo mwaka mzima au zaidi. Walikua wakubwa kuliko wenzao, wakaona haya, wakaacha masomo. Aliyesema Kihispania katika kiwanja alipigwa, au kinywa chake kilioshwa kwa sabuni. Mambo hayo yaliendelea mpaka 1965.

Mmoja wa walimu alikuwa Maria Urquides, binti wa Tucson mwenye asili ya Meksiko. Yeye mwenyewe alikua na lugha mbili, lakini alipokuwa mwalimu aliwapiga watoto waliosema Kihispania, kama ilivyoagizwa. Baadaye alikiri jambo hilo kwa majuto makubwa. Katika 1966 alikuwa pamoja na walimu wenzake waliozunguka katika majimbo mbalimbali wakitazama namna watoto hawa wanavyofundishwa. Waliandika kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi lugha ya pili kama hakunyang'anywa ile ya kwanza. Kazi yao ilisaidia kuleta sheria ya Marekani ya 1968 juu ya mafundisho kwa lugha mbili.

Ushindi haukukaa sawa. Katika 2000 wapiga kura wa Arizona walizuia sehemu kubwa ya mafundisho ya namna hiyo. Katika 2010 jimbo liliweka sheria iliyofanya masomo ya historia na vitabu vya Wameksiko-Waamerika yafungwe katika Tucson, mwaka 2012. Wanafunzi walipeleka mashtaka, na katika 2017 hakimu alisema sheria ile ilitumiwa kwa ubaguzi.

Ndugu zetu, wote mnakijua kile kitu cha kuvaa shingoni, simboli, anachopewa aliyesahau Kifaransa akasema Kiswahili au lugha ya mama yake. Na sisi tunaoandika habari hii tumeshika daftari ya majina. Tumeandika majina mengi, hata ya watoto wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanaita tu wenzao waje kula. Hatusemi Kifaransa hakifai. Bila Kifaransa hakuna mtihani wa serikali. Tunasema tu kwamba Mama Urquides alipata haya kwa kazi aliyoagizwa kuifanya, na sisi tumesoma habari zake tukanyamaza kidogo.

9. Nyumba zilizobomolewa

Karibu na boma la zamani palikuwa mtaa ambamo Wameksiko, Wachina, Waamerika weusi na watu wa Yaqui waliishi mlango kwa mlango, katika nyumba za matofali mabichi. Katika 1966 wapiga kura walikubali mtaa ule ubomolewe, na kazi ikaanza mwaka uliofuata. Karibu hekta 32 zilisawazishwa ili kujenga nyumba kubwa ya mikutano, iliyofunguliwa 1971. Watu walitawanyika.

Kiisha ikaja shauri la kupitisha barabara kubwa katika mtaa uliobaki. Lakini humo mna kimahali kidogo cha sala, El Tiradito, ukuta tu wenye mishumaa, ambao wanasema ni kaburi la mtu aliyeuawa kwa sababu ya mapenzi yasiyo halali. Watu wa mtaa walitafuta liandikwe katika orodha ya taifa ya mahali pa historia, na katika 1971 liliandikwa. Hilo lilisaidia kuzuia barabara. Hivi kaburi la mwenye zambi liliokoa nyumba za wenye haki.

10. Kanisa lililofungua mlango

Sisi wa masomo ya Kiprotestanti tusikilize hapa. Kusini mwa Tucson kuna kanisa la Kipresbiteri, Southside, lililoanzishwa 1906 kwa ajili ya watu wa O'odham. Mwanzo wa miaka ya 1980, watu wa El Salvador na Guatemala walikuwa wakikimbia vita na mauaji ya kwao. Walivuka jangwa kwa miguu, na wengine walikufa kwa kiu. Serikali ya Marekani ilikuwa rafiki wa serikali za inchi zile, kwa hiyo iliwanyima karibu wote ukimbizi na kuwarudisha.

Jim Corbett, mfugaji mmoja wa dini ya Waquaker, alianza kuwavusha na kuwaficha. Mchungaji John Fife na wazee wa Southside walizungumza, wakasali, na tarehe 24 mwezi wa tatu 1982, siku ya ukumbusho wa Askofu Mkuu Oscar Romero aliyeuawa El Salvador miaka miwili mbele, walitangaza hadharani kwamba kanisa lao ni mahali pa kimbilio. Hawakujificha, waliandika kitambaa wakakitundika mlangoni, wakaipelekea serikali barua. Mamia ya makanisa na masinagogi ya Marekani yaliwafuata.

Serikali iliingiza wapelelezi katika mikutano yao, hata ndani ya kanisa, wenye mashine za kunasa sauti. Watu 11 walishtakiwa katika Tucson. Tarehe 1 mwezi wa tano 1986 wanane walionekana wana hatia, na Fife alikuwa mmoja wao, lakini hawakufungwa gerezani. Waliachwa chini ya uangalizi. Katika 1991 serikali ilipatana na makanisa kwamba mashauri ya wakimbizi wale yatazamwe upya. Mwaka uliofuata Wapresbiteri walimchagua Fife kuwa msimamizi wa mkutano wao mkuu.

Kuna Wakristo wanaosema alivunja sheria, wengine wanasema aliitii ile iliyo juu. Someni Mambo ya Walawi sura ya 19, pale Mungu anapoagiza juu ya mgeni, mkatafakari.

11. Leo

Hesabu ya 2020 ilikuta watu 542.629 katika Tucson, na zaidi ya wanne katika kila kumi wana asili ya Meksiko au ya inchi nyingine zinazosema Kihispania. Chini ya kilima kile cheusi kuna bustani inayoitwa Mission Garden, ambamo kila watu wana kipande chao: O'odham, Wahispania, Wameksiko, Wachina, Wayaqui, na watu wenye asili ya Afrika. Katika 2015 UNESCO iliutaja mji huo kuwa mji wa mapishi, wa kwanza katika Marekani. Na katika miaka ya karibuni wamefika wakimbizi wa Somalia, wa Burundi na wa Kongo yetu. Ndiyo maana katika Tucson leo unaweza kusikia Kiswahili, na kaka wa mwenzetu ni mmoja wa wanaokisema.

Na mto? Visima vingi na mapampu vilivuta maji ya chini mpaka mto ukakauka katikati ya karne ya 20. Tangu 1992 maji ya mto Colorado yanaletwa kwa mfereji wa kilomita 540 hivi. Watu wa O'odham, ambao maji yao yalivutwa bila ruhusa, walitambuliwa haki yao kwa sheria ya 1982. Na tangu 2019 mji unamwaga maji yaliyosafishwa katika Santa Cruz, karibu na kilima. Pale yamerudi majani, kereng'ende na vyura.

Sasa turudi kwa swali letu: nani mwenye inchi? Kama tunatafuta aliyetangulia, katika Tucson ni watu wa O'odham, nao ndio waliosukumwa kando kuliko wengi. Kama tunatafuta mwenye nguvu, basi alibadilika kila mara: Hispania, Meksiko, Marekani. Kwa hiyo maneno «mimi ni mwenye inchi» mara nyingi yalikuwa maneno ya mwenye nguvu ya wakati ule, wala hayakuonyesha nani alichimba mfereji, nani alipanda mboga, nani alitandika reli. Tusidanganyane kwamba makabila mengi pamoja huleta amani yenyewe. Mwaka 1871 unatushuhudia. Amani ililetwa na watu waliofanya kazi moja moja: mwenye duka aliyejifunza lugha ya jirani, mwalimu aliyekiri kosa, wazee wa kanisa waliotundika kitambaa.

Kwa upande wetu, tumepatana na wenzetu wa mwaka wa sita jambo dogo. Kuanzia juma hili, kwenye bomba, nafasi ni ya aliyefika na ndoo yake, hata kama ni wa mwaka wa kwanza, hata kama alihamia hapa jana kwa sababu ya vita. Atakayesema «rudi kwenu» ataandikwa katika daftari ile ile.

Tunafunga hapa. Mwenye swali au mwenye kutusahihisha aje kutuona baada ya masomo ya jioni. Mungu awabariki.